Usimfiche Aliye Baharini



Katika ada tulizorithi kwa wazee wetu wa pwani ni hii: msafiri hapelekewi khabari mbaya. Akiugua mtu nyumbani, msafiri haambiwi. Akifa mtu, msafiri haambiwi mpaka arudi, atue mzigo, ale, apumzike, kisha aitwe kando na mtu mzima mwenye ulimi laini ndipo aambiwe. Wengi wetu tunaiona ada hii kuwa ni huruma, na mwenye kuivunja huonekana hana adabu. Mimi nataka tuipime pamoja, kwani vijana wetu wengi wanafanya kazi melini, na khasa katika hizi meli kubwa za matembezi zinazochukua watalii, na wako pia jamaa zetu wanaozipanda kama abiria. Je, ada hii ingali ni huruma?

Kwanza tuwape wazee haki yao. Aliyeondoka Lamu au Mombasa kwa jahazi kwenda Arabuni aliondoka na upepo wa kusi, na hakuweza kurudi mpaka uvume kaskazi. Khati ya nyumbani ilipelekwa kwa mkono wa nahodha mwengine, ikafika baada ya miezi, au isifike kabisa. Mtu akiisoma khati yenye msiba hakuwa na njia ya kujibu wala ya kurudi. Angekaa na huzuni yake ugenini, na kazi ya bahari haitaki mtu aliyevunjika moyo. Basi wazee walipomficha walikuwa wanamsitiri. Lakini tuangalie vyema, ndugu yangu: sababu ya ada hiyo ilikuwa ni umbali na upepo. Sababu ikiondoka, hukumu nayo yafaa itazamwe upya.

Nami nasema haya kwa jambo lililonifika. Mwaka 1998 nilikuwa dobi katika meli moja ya matembezi iliyokuwa ikitoka Miami kila Jumapili kuzunguka visiwa vya Karibi na kurudi Jumapili ya pili. Tulifua mashuka na taulo za abiria mchana na usiku, chini kabisa ya meli, pahala pasipo dirisha. Simu ya melini ilipitia setilaiti, na dakika yake moja ilikula dola nyingi, kwa hivyo sisi watu wa chini hatukuigusa. Tulingoja kufika bandarini, tukanunua kadi za simu, tukapanga foleni mbele ya vibanda. Saa mbili za asubuhi za Miami, wakati wa baridi, ni saa kumi za alasiri kwetu Mombasa, na nyumbani walijua kwamba Jumapili saa hiyo simu italia.

Jumapili tano mfululizo nilimuulizia babangu. Kila mara kaka yangu alinijibu, "Mzee ametoka kidogo, yuko msikitini. Sote wazima, alhamdulillahi." Nami nikaridhika, kwani babangu hakuwa mtu wa kuikosa swala ya jamaa. Mkataba wangu ukaisha, nikarudi. Nilipoingia ndani nikamkuta mamangu amekaa eda, na hakuna aliyehitaji kunieleza neno. Khitma ya arubaini ilikuwa imebaki siku tatu.

Simlaumu kaka yangu, kwani alifanya vile kwa mapenzi, na wazee wote wa mtaa walimuunga mkono. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa swali ambalo naamini hata wewe msomaji umepata kulisikia: "Ungefanya nini kule baharini?" Swali hili ndilo linalostahili jawabu, kwa sababu juu yake ndiyo imesimama ada yote.

Ningefanya mengi. La kwanza ni kumswalia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimswalia Najashi mfalme wa Habasha naye yuko Madina, na madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, yanakubali swala ya ghaibu. Haitaki jeneza wala kaburi mbele yako. Inataka khabari tu. Asiyepewa khabari amenyimwa swala hiyo. La pili ni dua. Kwa siku zote zile nilikuwa namuombea babangu afya na umri mrefu, na kumbe haja yake ilikuwa ni maghufira. La tatu ni sadaka kwa ajili yake, na kuulizia madeni yake, kwani deni la maiti halingoji mtu arudi safari.

La nne ndilo zito zaidi. Mamangu aliniambia, baada ya siku kupita, kwamba kila Jumapili alikuwa akikaa karibu na simu akisikiliza, na huku amekatazwa kusema. "Mwanangu," alisema, "watu wote walikuja kunihani, nami nalikuwa nangoja taazia yako." Tazama basi. Waliokusudia kumsitiri mtoto walimzidishia mjane msiba wake. Siri ya namna hii haimfungi yule aliye mbali tu. Huwafunga na walio nyumbani, wakawa wanalia kwa zamu na kufuta machozi saa ya simu inapokaribia.

Tena wako wanaosema, "Akijua, hana ruhusa ya kurudi." Hili halikutimia. Uko mkataba wa dunia nzima juu ya kazi za mabaharia, uliofanywa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, na Kenya na Tanzania zote mbili zimeuridhia. Katika mkataba huo imezingatiwa haja ya baharia kuacha kazi kwa notisi fupi au bila ya notisi, pasina kuadhibiwa, kwa sababu za huruma au dharura nyengine. Huenda asiweze kuwahi mazishi, kwani sisi tunazika upesi. Lakini anaweza kuomba kuteremka bandari ya mbele akarudi kwa mamake. Hawezi kuomba ruhusa kwa msiba asioujua.

Ndugu msomaji, nakupa mfano katika tarekhe ya meli za abiria. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, fundi wa simu ya upepo katika meli ya Titanic alikuwa ameshughulika sana. Abiria walikuwa wamelipa pesa kupeleka salamu zao na mambo yao kwa jamaa na marafiki, naye alikuwa akizituma kwa kituo cha Cape Race kilichoko pwani ya Newfoundland. Ikaingia sauti ya meli nyengine iliyokuwa karibu, Californian, ikitaka kumwambia kwamba imesimama katikati ya barafu. Yule fundi akamwambia mwenziwe anyamaze, kwani anamkatiza kazi. Haikupita saa moja Titanic ikagonga barafu, na watu wapatao 1,500 wakapotea. Salamu zile hazikuwa na ubaya wowote. Ubaya ni kwamba zilichukua nafasi ya khabari iliyokuwa na haja ya kufika.

Na hivyo ndivyo yalivyo mazungumzo yetu leo. Setilaiti tulizokuwa tukizitegemea zamani ziko juu kiasi cha kilomita 36,000, hata ukisema neno ulingoja kidogo kabla ya kusikia jawabu. Sasa ziko nyengine nyingi zinazozunguka chini zaidi, kiasi cha kilomita 550, na tangu mwaka 2022 makampuni makubwa ya meli za matembezi yameanza kuzitumia. Mkataba ule wa mabaharia ukaongezwa, na tangu tarehe 23 Disemba 2024 wenye meli wanatakiwa wawapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na wakitoza malipo yawe ya kiasi. Dobi wa leo aweza kumuona mwanawe uso kwa uso akiwa katikati ya bahari ya Atlantiki. Ni neema kubwa. Lakini tumeitia nini ndani yake? "Hujambo? Sijambo. Wazima? Wazima." Asubuhi salamu, jioni salamu, picha za maua na dua za Ijumaa, na nyuma yake mama amelazwa hospitali wiki ya pili na mtoto hajui.

Wala si watu wa nyumbani peke yao. Aliye melini naye huficha. Hupiga picha penye bwawa la kuogelea, amevaa shati jeupe, nyumbani wakadhani anastarehe. Haonyeshi chumba cha chini anacholala na mwenziwe. Hasemi kwamba kazi yaweza kufika saa 14 katika siku, na kwamba siku ya kupumzika nzima hana. Mgongo ukimuuma hasemi. Matokeo yake ni kuwa nyumbani wanaomba pesa kama wanaoteka maji kisimani, na yeye anaanza kuiogopa simu yao. Wote wawili wamefichana kwa mapenzi, na kila mwezi unaopita wanazidi kuwa wageni. Kuunga udugu si kupeleka fedha na salamu tu. Ni kujuana hali.

Basi nawanasihi wenye watu baharini mambo haya, nayo ni mepesi.

Kabla hajaondoka, kaeni mpatane juu ya khabari mbaya, na mumuulize yeye mwenyewe: likitokea, unataka tukwambie vipi? Aliyeulizwa akiwa mzima na amekaa kwao hujibu kwa akili timamu. Mchagueni mtu mmoja awe ndiye mwenye kuambia, mwenye moyo na ulimi wa upole, ili asije akaipata khabari ya babake kwa mtoto wa jirani aliyeituma kwenye simu kabla ya maiti kuoshwa. Jambo hili linatokea, na ni ukatili zaidi kuliko kuficha.

Andikeni katika daftari la nyumbani jina la meli, jina la kampuni, simu ya ofisi yake, na nambari ya mtu huyo kazini. Intaneti hukatika na simu huzimika, lakini ofisi yaweza kuifikia meli, na mkubwa wake akamwita kando akamwambia kwa utulivu. Ni yule yule mtu mzima mwenye ulimi laini wa ada yetu, ila sasa yuko melini.

Jueni saa yake. Meli ikivuka bahari kwenda magharibi saa hurudishwa nyuma, na ikenda mashariki hupelekwa mbele, na kazi yake ina zamu. Msimpe khabari nzito wakati anaingia zamu. Mpeni akiwa amemaliza, ana nafasi ya kulia na kutawadha na kuswali. Na ikiwa kuna mgonjwa, semeni ni mgonjwa tangu siku ya kwanza, wala msingoje mpaka iwe hamna la kusema ila innalillahi.

Na wewe unayekwenda kama abiria kutembea, waachie watu wako karatasi yenye bandari utakazopita na tarehe zake, na patana nao siku za kupigiana. Meli ikitoka bandarini tia simu yako katika hali ya ndegeni, kwani simu huweza kuushika mtandao wa meli wenyewe bila wewe kujua, na hesabu yake ukaikuta nyumbani imekungoja kama deni. Tumia intaneti ya meli uliyokwisha kuijua bei yake.

Ama wewe kijana uliye kazini melini, waambie kweli nawe. Mwambie mkeo kwamba umechoka. Mwambie mamako kwamba mwezi huu hamna. Ukisema kweli katika madogo, nao watakwambia kweli katika makubwa, kwani mlango wa siri huwa ni mmoja, nao hufungwa kutoka pande zote mbili.

Wazee wetu walificha kwa sababu ya upepo. Upepo huo hautuzuii tena, na khabari inavuka bahari kabla ya mtu kumaliza kutia udhu. Likifika la kufika nyumbani kwako, usiseme, "Atafanya nini kule baharini?" Mwambie, kisha muachie yeye na Mola wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walio baharini na walio nchi kavu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wenye kuunga udugu kwa ukweli na huruma. Amin.