Kwenda, ao kwenda na kurudi: safari nilizozipenda mwaka 2025

Kila mwisho wa mwaka watu wananiuliza swali moja: "Papa, wewe unauzishaka tiketi kila siku, lakini wewe mwenyewe unaendaka wapi?"

Wengi wenu munanijua kwa habari ninazoandika hapa, na wengine munazisikia zikisomwa kwenye radio. Lakini habari hazijazi sufuria. Mchana niko na meza moja, viti vitatu na simu mbili katika komine ya Makiso, si mbali na soko kubwa. Nauza nafasi za ndege, za mashua, na za piki-piki kwa wenye mgongo mgumu. Ukutani kuna ubao mweusi wenye majina ya miji. Juu ya meza kuna daftari. Kila msafiri ana mstari wake, na mwisho wa mstari naandika "kwenda" ao "kwenda na kurudi".

Zamani "kwenda na kurudi" ilikuwa nyingi. Watu walienda kwenye arusi, kwenye kilio, kununua bidhaa, na wakarudi. Mwaka huu ulianza vibaya. Mwisho wa mwezi wa kwanza Goma ilianguka, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na katikati ya mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Nilikaa siku nyingi bila kugusa ubao. Kisha asubuhi moja nilichukua kitambaa nikafuta majina yote mawili. Wateja waliokuwa ndani walinyamaza. Tangu siku ile kurasa zangu zimejaa "kwenda" peke yake.

Sasa nijibu swali. Za Kinshasa sizihesabu. Nilienda mara mbili kwa kazi, nikaona foleni ya magari, nikarudi.

Safari ya kwanza niliyoipenda sikuitembea hata hatua moja. Mwezi wa nane aliingia mwalimu mmoja anayefundisha hapa kwetu. Bibi yake na watoto wanne walikuwa wamebaki Goma. Mbele ya vita, Goma na Kisangani ilikuwa kama saa moja ya ndege. Unakunywa chai kule, unakula mchana hapa. Mwalimu aliweka pesa juu ya meza, zimefungwa katika kitambaa, akasema: "Tafuta njia." Nilichukua kalamu. Kutoka Goma unavuka kwa miguu mpaka Gisenyi. Unapanda basi hadi Kigali, basi lingine hadi Kampala, kisha unapanda tena kaskazini hadi mpaka wa Goli, unaingia Mahagi, unashuka Bunia, na pale unatafuta ndege ya kuja Bangoka. Unapita Rwanda, unapita Uganda, ili utoke mji mmoja wa Congo ufike mji mwingine wa Congo. Nilipomwonyesha karatasi, mwalimu alicheka, lakini haikuwa cheko ya furaha.

Mama yule alikuwa na simu ndogo isiyokuwa na picha. Kila alipofika mahali alinipigia, mimi naye tukajua hatua inayofuata: uliza basi gani, usikubali mtu akushikie karatasi, watoto wale mbele ya kupanda. Mume wake hakuweza kungojea simu, alikuwa darasani, basi simu ilikuwa kwangu. Kampala tulizungumza mara tatu. Mahagi mara moja. Kisha kimya, siku mbili. Njia ya Mahagi kwenda Bunia munajua sifa zake. Nilikuwa nauza tiketi na jicho moja liko kwenye simu. Bibi yangu alinipa chakula nikakirudisha. Siku ya tatu simu ililia: umeme ulikuwa umekwisha, hakuna lingine. Walilala kwa watu waliowapa uji.

Siku ya tisa tulikuwa Bangoka, mwalimu na mimi. Mama alitoka wa kwanza, kisha watoto kwa mstari kama wa shule. Yule mdogo, miaka mitatu, hakumtambua baba yake. Alisikia ninasalimia, akatazama mdomo wangu, akaja kujificha nyuma ya mguu wangu. Sauti yangu ndiyo aliyoijua, aliisikia njia nzima. Mwalimu alisimama na mikono wazi. Nilitamani ardhi inimeze. Ilichukua nusu ya siku na pakiti moja ya biskuti mbele ya mtoto kumkubali baba yake. Sasa wanakaa Mangobo, na mtoto akinikuta njiani ananiita "Papa ya simu".

Nisiwachoshe na machozi tu. Mwezi wa sita nilimpokea mfanyabiashara kutoka Tanzania, mtu wa heshima, shati limenyooshwa vizuri sana. Alishangaa kusikia tunazungumza Kiswahili mpaka huku. Siye nasi tulishangaa kusikia chake. Nilimwambia, "Kesho utakula kwangu, bibi yangu anapika lituma." Alikuja na zawadi ya kitenge. Bibi yangu alipotoka jikoni, mgeni aliinama mpaka chini: "Shikamoo, bibi!" Bibi yangu alinigeukia: "Huyu anasema nini? Miye niko muzee?" Mnaotoka pande za Tanzania munajua kwamba kule bibi ni nyanya, mama wa wazazi. Ilibidi nieleze kwa wote wawili, na lituma ikapoa. Kitenge kilisaidia.

Kesho yake nilimpeleka kwa Wagenia. Mimi nimezaliwa hapa, na bado sijachoka kuona vile vigogo vilivyosimikwa katika mashimo ya mawe, vimefungwa kwa kamba za msituni, na vikapu vyao vikubwa vyenye mdomo mpana vikingoja samaki maji yanapowatupa. Mgeni aliuliza: lugha yetu ilifikaje hapa? Mzee mmoja mvuvi alijibu kabla yangu. Ilipanda na mitumbwi kutoka Kasongo na Nyangwe, pamoja na watu wa pwani. Mimi nikaongeza ya shule: mwaka 1887 Tippu Tip, mtu wa Unguja, aliwekwa kuwa wali wa maporomoko haya kwa mkataba na Mfalme Leopold II. "Walituletea mchele," mzee akasema, "na hii lugha tunayosemea. Walileta pia minyororo." Mgeni hakubishana. Alitazama maji muda mrefu, kisha akanunua samaki kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, jambo ambalo sijawahi kuona Mswahili yeyote akifanya.

Yangambi ndiyo safari ndefu ya kweli niliyofanya, na ningependa kila mtoto wa Tshopo aione. Ni kama kilomita mia moja tu, kwa kushuka mto. Niliisafiri mwezi wa tisa na mzee anayeishi Ubelgiji tangu ujana wake, lakini alizaliwa Yangambi wakati wa wakoloni. Tulichukua mashua ya mbao, ile tunayoita baleniere, pamoja na mifuko ya chumvi, mbuzi wawili, na mama mmoja aliyelala juu ya magodoro yake ya kuuza kama malkia. Nilimvalisha mzee jaketi la kuogelea. Alikataa, nikamwambia sipandi na mtu asiyevaa. Hapo sina mzaha. Mto huu unameza watu kila mwaka, na mara nyingi ni usiku, na mzigo umepita kipimo. Mashua inayoondoka usiku siuzi nafasi yake, hata mteja akinitukana. Mwaka huu walinitukana wengi.

Njiani mitumbwi ilikuja pembeni, watu wanashika ubavu wa mashua na kuuza bila moteri kusimama: kwanga, samaki wa moshi, mbinzo wangali wanatembea. Mzee alinunua mbinzo akawashika mkononi tu, hakuwala. Alisema alitaka kuwasikia wakimwasha vidole.

Yangambi ilianzishwa kuwa kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1933, kikaitwa INEAC; leo ni INERA. Nyumba za matofali zingali zimesimama chini ya miti mikubwa, nyingine zimepoteza milango. Ndani ya msitu kuna mnara mpya wa chuma, mita 55, unaopima hewa ambayo msitu unavuta na kutoa. Mzee hakuwa na haja ya mnara. Alitaka nyumba ya majani yaliyokaushwa, ambamo karatasi zaidi ya laki moja zimehifadhiwa, kila moja na tawi lake lililobanwa, jina la mti, tarehe, na jina la aliyelikusanya. Baba yake alifanya kazi na wale wataalamu. Mtunzaji alitufungulia makabati kwa uvumilivu mwingi. Mzee alivaa miwani akasoma, karatasi baada ya karatasi, miaka ya baba yake. Zile tulizoziona zilikuwa na majina ya wazungu.

Mwishoni alivua miwani. "Huyu hakuwa anapanda miti," akasema, kidole kiko juu ya jina moja. "Alikuwa anangojea chini. Baba yangu ndiye alikuwa anapanda." Mtunzaji alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza baba yake aliitwa nani, akaliandika jina hilo katika daftari yake mwenyewe. Sijui litafika wapi kutoka pale. Kurudi, kupambana na mkondo, kulichukua muda mrefu zaidi, na mzee hakusema mengi. Alikula mbinzo, wote.

Ya mwisho ni fupi kuliko zote. Mbele ya mlango wangu kuna mama anayechoma makemba. Alihama Lubunga mwaka 2023, wakati vita ya ardhi kati ya Wambole na Walengola ilipochoma nyumba kule ng'ambo. Yeye ni wa upande gani sitaandika. Munaosoma hapa muko wa pande zote mbili, na wote muna watu munaowalilia. Tangu mwezi wa pili, kila siku ya kwanza ya juma, aliingia na kuuliza: "Papa, Lubunga ni franga ngapi?"

Nafasi za kuvuka siuzi. Unashuka kwenye maji, unamlipa mwenye mtumbwi, na mtoto wa miaka mitano anajua bei. Nilidhani ni mchezo. Nilimjibu bei, yeye anatikisa kichwa, anarudi kwenye moto wake. Mwezi wa kumi na moja ndipo nilimuuliza kwa nini. Alinyoosha kidole kwenye ubao. "Siku ile ulifuta Goma, nilikuwa hapo. Niko naangalia kama Lubunga wangali wanaiuzisha."

Tulivuka siku ya posho, asubuhi mapema, yeye, kijana wake wa kwanza na mimi. Dakika chache tu juu ya maji. Alishika ubavu wa mtumbwi kama mtu anayesafiri bahari. Kutoka ukingoni tulitembea. Nyumba yake ilikuwa kuta tupu. Bati hakuna, mlango hakuna. Mti wa avoka ulikuwa umezaa na kuangusha, hakuna aliyeokota. Mihogo ilikuwa imepita vichwa vyetu, mizizi imekuwa migumu kama kuni, lakini juu kulikuwa na majani machanga. Alianza kuvunja sombe bila kusema neno, kijana anashika mfuko.

Jirani mmoja alitoka nyumba ya pili. Si wa kabila lake. Nilihesabu hatua kati yetu na njia, nasema kweli. Alisalimia, mama akaitika. Kisha yule mwanaume akasema: "Kinu chako kiko kwangu." Akaenda, akarudi anakiviringisha kwa mguu, kinu kikubwa cha mti mweusi. Mama alichungulia ndani, akaingiza mkono, akanusa vidole.

"Munatwanga ndani yake?"

"Tunatwanga."

Kimya kirefu. Bati zilienda wapi, nani alikuwa na moto usiku ule, hayo yote yalikuwa pale kati yao, na hakuna aliyeyagusa.

"Kikae," mama akasema.

Kwenye mtumbwi nilimwambia kijana angeweza kukibeba. Alinitazama kama mtu asiyejua kazi yake. "Nikikivusha, ni kusema nimekaa huku." Jioni ile aliazima kinu kwa dada yangu akatwanga sombe, akatuletea sahani.

Siku ya kwanza iliyofuata aliingia kama kawaida, lakini hakuuliza bei. Aliniambia nifungue daftari. Niliandika: Lubunga, watu sita. Niliuliza, "Kwenda na kurudi?" Akasema hapana. Nikaandika "kwenda". Tarehe tumeacha wazi. Aliweka juu ya meza franga za kuvuka za mtu mmoja, akasema zilizobaki ataleta kila siku ya kwanza. Juma hili alileta za mtu wa pili.