Udaktari ni Ng'ombe Wangapi?

Yapo maswali ambayo mwalimu wa shule ya msingi huulizwa mara moja tu, naye akiyajibu vibaya hapati nafasi ya kuyajibu tena. Swali la namna hiyo niliulizwa mwaka 2008, nilipokuwa nikifundisha Hisabati na Sayansi katika darasa la sita, katika shule moja ya kijijini kusini mwa Ziwa Viktoria. Nalisimulia hapa si kwa kujisifu, kwa maana sikujibu vema, bali kwa kuwa wengi wenu, ndugu wanachuo, mtapangiwa shule kama ile, na yamkini swali hilo hilo linawangojeni huko.

Ilikuwa siku ya kikao cha wazazi. Watu walipotawanyika, mzee mmoja mkulima wa pamba alibaki amekaa kwenye benchi, fimbo yake katikati ya magoti. Bintiye ndiye aliyeongoza darasa langu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, huyu mtoto anasema atakuwa daktari. Mimi nina ng'ombe watano. Niambie, udaktari ni ng'ombe wangapi?"

Nilicheka kidogo, kicheko cha heshima, nikamjibu: "Mzee, penye nia pana njia. Mwache asome kwa bidii." Mzee alinishukuru, akashika fimbo yake akaenda zake. Nami nilirudi nyumbani nikidhani nimempa moyo.

Leo naona kwamba sikumpa kitu. Aliniuliza hesabu, nami ni mwalimu wa Hisabati, nikamjibu kwa methali. Ni kweli kwamba penye nia pana njia. Lakini methali haisemi njia ziko ngapi, kila moja ina urefu gani, na ni wapi msafiri hutozwa ushuru. Mambo hayo ndiyo aliyotaka kuyajua, nami sikuyajua, wala sikudhani kuyajua ni kazi yangu.

Matokeo ya ujinga wangu

Binti yule alichaguliwa kuingia shule ya sekondari ya kata mwaka 2010. Wakati huo ada ya shule ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, mbali na michango, sare na madaftari. Baba yake aliilipa kwa fedha za pamba, akawaweka ng'ombe wote watano akiba kwa ajili ya chuo kikuu, kwa kuwa aliamini kwamba gharama yote ya udaktari iko mwisho wa safari.

Alipofika kidato cha tatu, wanafunzi walitakiwa kuchagua masomo. Shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia, hivyo karibu wote waliliacha somo hilo. Naye akaliacha, akabaki na Biolojia na Kemia, akiamini kwamba zinatosha kwa mtu anayetaka kutibu watu. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Uamuzi ule haukumgharimu hata senti moja siku ile, na ndio uliokuja kuwa ghali kuliko yote. Mlango wa udaktari haufungwi Muhimbili. Kwa watoto wengi hufungwa kidato cha tatu, kimya kimya, wala hawasikii.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2013, akafaulu Biolojia na Kemia. Bila Fizikia hakuweza kuchukua mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha tano, wala kuingia chuo cha serikali cha utabibu. Ndipo akatokea wakala wa chuo kimoja cha mjini, akamwambia mzee kwamba kwao Fizikia si lazima. Ng'ombe watatu wakauzwa. Baada ya miezi michache ikabainika kwamba chuo kile hakikusajiliwa, na cheti chake hakingetambuliwa popote. Fedha haikurudi.

Habari hizi zilinifikia kwa mzee mwenyewe, tulipokutana mnadani. Hakunilaumu hata kidogo. Alinieleza kama mtu anayeeleza juu ya ukame. Nilitamani angenilaumu.

Somo nililolitunga

Tangu hapo nilianza kutunga somo la Hisabati la vipindi vitatu kwa madarasa ya juu, ambalo sasa nawafundisha wanachuo wangu. Nitalieleza pamoja na makosa niliyoyafanya, maana makosa hayo nanyi mnaweza kuyafanya.

Mara ya kwanza nilianza na fedha. Niliandika ubaoni ada, chakula, vitabu na nauli za miaka yote, nikajumlisha, nikapata mamilioni. Nilidhani nimefundisha vizuri, kwa kuwa majibu yote yalikuwa sahihi. Kesho yake niliuliza nani anataka kuwa daktari. Mvulana mmoja ambaye kila siku alinyoosha mkono safari hii aliutazama ubao, akaweka mikono yake chini ya dawati. Nilikuwa nimemfundisha kujumlisha na kukata tamaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nilibadili mpangilio: kwanza miaka, kisha milango, na fedha mwisho.

Kipindi cha kwanza ni cha miaka. Mwalimu huandika neno DAKTARI upande wa kulia wa ubao, kisha darasa hurudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya kusajiliwa kikamilifu, daktari hufanya mafunzo ya vitendo hospitalini kwa mwaka 1. Kabla ya hapo husoma shahada ya udaktari kwa miaka 5. Hapo njia hugawanyika. Ya kwanza hupitia kidato cha tano na cha sita, miaka 2. Ya pili hupitia stashahada ya utabibu, miaka 3, ambayo mhitimu wake huajiriwa kama tabibu, na akiwa na ufaulu mzuri anaweza kuomba nafasi ya shahada. Njia zote mbili hukutana kidato cha nne, baada ya miaka 4 ya sekondari. Wanafunzi hujumlisha: 4 na 2 na 5 na 1 ni 12, 4 na 3 na 5 na 1 ni 13. Kisha waulizwe: yule wa njia ya pili anaweza kuanza kupata mshahara baada ya miaka mingapi? Watajibu 7. Hapo darasa huanza kuzungumza lenyewe, na mwalimu mwenye busara hunyamaza. Muundo wa elimu yetu unabadilishwa kwa hatua kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Kwa hiyo kila mwaka ihakikini ramani hii kabla ya kuichora.

Kipindi cha pili ni cha milango. Kwa kila hatua darasa huuliza: ni somo gani likikosekana, mlango hufungwa? Fizikia, Kemia na Biolojia huandikwa kwa chaki ya rangi, maana zinadaiwa katika njia zote mbili. Wasichana waelezwe jambo hili kwa mkazo, kwa sababu aghalabu ndio wanaoambiwa kwamba Fizikia si yao. Ongezeni mlango wa lugha: mtoto anayetoka shule zetu hukutana na sayansi hiyo hiyo kwa Kiingereza katika kidato cha kwanza, na wengi hujikwaa hapo si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno.

Kipindi cha tatu ni cha fedha, nazo hugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni gharama ambazo mzazi halipi tena. Ada ya sekondari ya serikali iliondolewa tangu Januari 2016 hadi kidato cha nne, na ya kidato cha tano na cha sita katika mwaka 2022/2023. Fungu la pili ni gharama anazoweza kukopeshwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mikopo kwa wahitaji wa shahada, nao wakiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Mikopo ya stashahada ilianza 2023/2024 kwa fani zilizotajwa tu. Basi mzazi asidhani kwamba fani ya mwanawe imo mpaka aione kwenye orodha. Upo pia ufadhili wa serikali ulioanza 2022/2023 kwa wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Fungu la tatu ni zile ambazo mzazi hana budi kuzitoa mwenyewe: sare, nauli, sabuni, taa ya kusomea, michango, na ada ya stashahada pale ambapo mkopo haupo.

Ndipo huja zoezi la ng'ombe. Tarakimu zake ni za mfano tu. Chuo A hutoza shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Chuo B hutoza 5,000,000. Ng'ombe mmoja ni shilingi 500,000. Kwa miaka 5, chuo A ni ng'ombe 15 na chuo B ni ng'ombe 50. Tofauti ni ng'ombe 35. Swali la mwisho: wahitimu wa vyuo hivi viwili, ikiwa vyote vimesajiliwa, huandikwa katika daftari lipi la madaktari? Jibu ni moja: daftari lile lile. Mtoto aliyelifanya zoezi hili hatadhani tena kwamba chuo ghali ndicho chuo bora, wala hatadhani kwamba kila chuo cha rahisi ni halali.

Na kwa sababu ya wale ng'ombe watatu, sikosi kumaliza kwa kanuni hii: mtu asilipe hata shilingi moja kabla ya kuliona jina la chuo katika orodha ya baraza linalohusika. Vyuo vya kati vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo kila mwaka hutoa mwongozo wa sifa za kujiunga. Mwalimu aiweke orodha ofisini, mzazi aje aione kwa macho yake.

Pingamizi moja

Mwanachuo mmoja aliwahi kunipinga darasani. Alisema kwamba kumhesabia gharama mtoto wa miaka kumi na miwili ni kumwibia utoto wake. Nililifikiria sana neno lake, na sehemu yake nalikubali: ndiyo maana fedha huja mwisho, na ndiyo maana hatutoi hukumu ya nani ataweza na nani hataweza. Lakini mtoto wa mwenye nacho husikia hesabu hizi mezani kwao jioni. Mtoto wa mkulima asipozisikia shuleni, atazisikia kwa wakala. Kadhalika, tusimfundishe mtoto kwamba anayeishia utabibu au uuguzi ameshindwa. Kijiji kingi hakina daktari, kina tabibu, na watu hupona.

Mwisho wa habari

Binti yule hakukaa chini. Mwaka 2015 alirudia Fizikia peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata ufaulu uliohitajika. Mwaka 2016 aliingia chuo cha serikali cha utabibu, na ng'ombe wawili waliobaki wakaenda huko pamoja na pamba ya misimu mitatu. Leo ni tabibu katika zahanati, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka shule ile ya zamani.

Mwaka jana nilipata homa nikiwa ziarani kukagua mazoezi ya kufundisha, nikapelekwa kwake. Alinipima, akanipa dawa, akaniandikia namna ya kuzinywa kwa mwandiko ninaoufahamu. Nilipojisikia nafuu niliomba radhi kwa jibu nililompa baba yake. Alitabasamu, akasema, "Mwalimu, baba huisema ile methali mpaka leo." Kisha akafungua droo akatoa mwongozo wa udahili wa shahada, kurasa zake zimekunjwa pembe, na daftari lenye safu mbili za tarakimu: akiba yake na ada za vyuo. Aliniomba nimhakikishie jumla.

Tulikaa pale kwenye meza ya zahanati tukajumlisha pamoja. Safu ya pili alikuwa ameikosea mahali pamoja, tukaisahihisha. Akiba haijatosha, ila mkopo ukipatikana, na nafasi ikipatikana, pengo lililobaki ni dogo. Kwa bei ya ng'ombe ya mwaka huu, alisema, ni wawili.