Filamu ya kuchekesha ambayo familia imeshaiona mara kumi

Nyumba nyingi zina filamu moja ambayo kila mtu ameshaiona, na bado ikiwekwa hakuna anayeondoka sebuleni. Kwa wengine ni Home Alone ya mwaka 1990, ile ya mtoto wa Kimarekani aliyesahauliwa nyumbani wakati familia yake inasafiri kwa Krismasi. Kwa wengine ni Mr. Bean, ambaye karibu hasemi neno, hivyo bibi asiyejua Kiingereza na mjukuu wake wa chekechea hucheka kwa wakati mmoja. Na kwa familia nyingi hapa nchini ni King Majuto, mzee wa Tanga aliyefariki dunia Agosti 2018, ambaye mpaka leo anawachekesha watoto waliozaliwa baada ya yeye kuzikwa.

Watu wazima huzionea aibu filamu hizi. Mgeni akibisha hodi, rimoti inatafutwa haraka iwekwe taarifa ya habari. Eti mtu mwenye akili zake hutazama mambo mazito.

Mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, ameshaacha kuona aibu. Mwanawe wa miaka tisa ana selimundu. Usiku ambao maumivu ya mifupa yanampanda, mama hufanya alivyofundishwa kliniki: dawa ya maumivu kwa kipimo alichoandikiwa, maji ya kunywa, blanketi, na kipimajoto kwapani. Kisha, wakati wanasubiri dawa ifanye kazi, huweka vichekesho vya Majuto kwenye simu. Mtoto ameshavihifadhi kichwani. Hutamka maneno kabla mzee hajayatamka, na kuna nyakati hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Usiku mmoja baba yake alitoka chumbani, macho mazito kwa usingizi, akauliza, "Mama watoto, hiyo si mliitazama juzi?" Akaambiwa asogee aketi. Akaketi, na baada ya dakika chache naye alikuwa anacheka.

Kinachotokea hapo kina maelezo. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya majaribio kuhusu kicheko na maumivu. Baadhi ya watu walioneshwa vichekesho, wengine vipindi vya kawaida. Kabla na baada ya hapo walipimwa wanavumilia maumivu kiasi gani, kwa kuvalishwa mkononi kitu kilichogandishwa, au kwa kubanwa mkono na ule mkanda wa kupimia shinikizo la damu. Waliocheka waliweza kuvumilia zaidi. Kujisikia vizuri tu bila kucheka hakukuleta tofauti hiyo. Watafiti wanaamini kwamba kicheko cha kutoka tumboni, kile kinachomwacha mtu akitafuta pumzi, huufanya mwili utoe endofini, kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Na kicheko hicho hakipatikani kirahisi mtu akiwa peke yake. Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alibaini kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka takriban mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake bila redio wala televisheni. Ndiyo maana jambo la kusikitisha katika nyumba za siku hizi si kwamba watu wanatazama upuuzi. Ni kwamba kila mmoja anatazama upuuzi wake, kwenye simu yake, na spika za masikioni. Watu watano wako sebuleni na hakuna anayejua mwenzake anachekea nini.

Kurudia filamu ileile nako kuna faida yake. Mzazi aliyeshinda kazini akisubiri simu ya shule, ya mwenye nyumba au ya hospitali, amechoka kutojua kitakachofuata. Filamu aliyoizoea haimshtui. Majambazi watateleza ngazini, mtoto atapatikana, kila mtu atakula. Kwa mtoto mgonjwa, ambaye hajui maumivu yataisha saa ngapi, kuna kitu kimoja angalau anachojua mwisho wake.

Lakini kisichukuliwe kisichokuwamo. Kicheko hakitibu selimundu, wala shinikizo la damu, na wanaouza "tiba ya kicheko" mitandaoni waulizwe vyeti vyao. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, maumivu ya kifua au akipumua kwa shida, simu izimwe, filamu iwe imefika popote, na safari ya hospitali ianze usiku huohuo.

Kuna jambo jingine ambalo familia huchelewa kuliona. Baba aliyekuwa akigonga meza kwa kicheko kila Majuto anapojikwaa, sasa anatazama kimya, au anainuka kwenda kulala saa moja usiku. Mama anasema filamu zote ni zilezile. Nyumbani hutafsiriwa kuwa ni uchovu, au ni ukubwa. Huenda ni kweli. Ila kukosa furaha katika mambo ambayo mtu alikuwa akiyafurahia ni moja ya dalili kuu za sonona, na ikidumu siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi inastahili kupelekwa kwenye kituo cha afya, hasa kama usingizi na hamu ya kula navyo vimebadilika. Mgonjwa hahitaji kuandaa maelezo marefu. Anaweza kuanza na sentensi moja tu, kwamba siku hizi hakuna kinachomchekesha, na daktari atajua maswali ya kuendelea nayo.