Sehemu ya 6: Mionzi haiji nyumbani na sare

Mama zangu wa Dodoma, tuendelee. Wauguzi wenzangu wanaonyonyesha wananiuliza sana: "Dada, nikitoka chumba cha eksirei nimbebe mtoto?" Mbebe, mnyonyeshe. Mionzi ya eksirei haibaki kwenye nguo wala kwenye maziwa. Mashine ikiacha kupiga, nayo imekwisha.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni kingine. Kila tunapomshikilia mgonjwa wakati wa kupiga picha, mwili unapata kidogo. Leo huhisi kitu. Ila vidogo vikijumlishwa miaka 20, hatari ya saratani inapanda, hata mtoto wa jicho. Ndiyo maana tunavaa kibeji kinachosomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Hakikukingi, kinahesabu tu; ukikiacha msumarini kinahesabia ukuta.

Kikomo chetu ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Ukishatoa taarifa ya mimba, mtoto tumboni asizidi 1. Basi sema mapema. Mimba yangu ya pili, bosi alijua kabla ya mama mkwe!

Nawe mama unayeambiwa umshike mwanao apigwe picha, omba aproni ya risasi. Una mimba? Ashike baba.