Kitovu cha Mtoto, Kifua cha Baba

Mimba ilikuwa na miezi saba mume wangu aliponitumia meseji kutoka Geita: "Tusitupe kitovu cha mtoto, kitanitibu kifua." Yeye ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu, mimi niko benki hapa Shinyanga. Tunaonana wikiendi tu, na usiku namsikia anavyokohoa.

Alisikia kuna kampuni za nje zinazohifadhi damu ya kitovu, kwa dola. Nikaulizia. Jamani, si uzushi! Mwaka 1988 jijini Paris, Dk. Eliane Gluckman alimtibu mtoto wa Kimarekani mwenye ugonjwa wa damu kwa damu ya kitovu cha mdogo wake. Na seli shina za kwenye kitovu zinajaribiwa kuponya majeraha ya moto, hata utando wa ndani ya mapafu. Zinajaribiwa, mwenzangu. Makovu ya vumbi la mwamba bado hayana dawa ya kuyafuta.

Hapo tukagombana. Aliona namnyima uzima. Nikamwambia hela hiyo inunue bomba la kulowesha mawe yanaposagwa, na barakoa za maana kwake na vijana wake. Tena apige picha ya kifua, maana vumbi lile hukaribisha TB. Alinuna siku mbili, kisha akanunua bomba.

Kitovu? Mkunga alisubiri zaidi ya dakika moja kabla ya kukikata, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, damu ikamwingia mtoto mwenyewe. Majibu ya picha ya baba yake tunayasubiri.