Muziki wa Kale Katika Siku za Kazi

Wazazi wa wanafunzi wetu hutuuliza mara nyingi swali moja, nao huliuliza kwa heshima: "Mwalimu, nyimbo hizi za Wazungu wa zamani zitamfaa nini mtoto? Atazila?" Swali hilo si la upuuzi. Mama anayelipa karo kwa kuuza makaa ana haki ya kujua saa za mtoto wake zatumika kwa kazi gani. Nasi yatupasa kumjibu, ingawa jibu letu halitamtia kitu mfukoni.

Wengi hudhani kwamba muziki wa klasiki, yaani ule wa Bach, Mozart, Beethoven na wenzao, ulitungwa kwa ajili ya wafalme na matajiri tu, wale waliokaa kimya katika kumbi zilizopambwa kwa dhahabu. Ni kweli kwamba wakubwa waliulipia, na watunzi wengi walikula mkate wao. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Joseph Haydn, aliyezaliwa mwaka 1732, alikuwa mwana wa fundi wa magurudumu, na mama yake alikuwa mpishi. Johann Sebastian Bach alipofika Leipzig mwaka 1723, aliajiriwa kufundisha wavulana wa shule kuimba, na katika miaka yake ya kwanza huko alitoa muziki mpya karibu kila Dominika. Kutunga, kunakili karatasi za kila sauti, kuwafundisha watoto, na kabla hajapumua Dominika nyingine imebisha hodi! Mwalimu yeyote aliyepata kuandaa nyimbo za Juma Kuu aijua kazi hiyo.

Naye Franz Schubert twampenda zaidi, maana alikuwa mwenzetu. Baba yake alikuwa mwalimu huko Vienna, na yeye mwenyewe alifundisha watoto wadogo katika shule ya baba yake. Mwaka 1815, angali kijana wa miaka kumi na minane, akiwa bado katika kazi hiyo ya ualimu, alitunga nyimbo zaidi ya 140. Sisi tukirudi jioni na rundo la madaftari ya kusahihisha, hatuna nguvu hata ya kupiga mluzi.

Lakini wimbo tunaotaka kuwasimulia ni mmoja, tena mfupi. Karibu na Vienna uko mji mdogo uitwao Baden, ambao watu huuendea ili kuoga maji ya moto yatokayo ardhini. Mke wa Mozart alikuwa akienda huko kwa ajili ya afya yake. Katika mji huo aliishi mwalimu wa shule, jina lake Anton Stoll, aliyeongoza pia waimbaji wa parokia. Mwezi wa Juni mwaka 1791 Mozart alimwandikia mwalimu huyo Ave verum corpus, wimbo wa kuiabudu Ekaristi. Waimbaji, fidla chache na kinanda: basi. Mwanzoni aliweka agizo kwamba waimbe kwa sauti ya chini. Kwa kawaida haupiti dakika nne. Na miezi sita haikutimia tangu siku ile, mtunzi akafariki, tarehe 5 Desemba, kabla ya kutimiza miaka 36.

Tazameni jambo hili. Mtu huyo alijua kuandika muziki wa kuwashinda mabingwa. Hata hivyo, kwa ajili ya mwalimu wa mji mdogo, aliandika kitu ambacho kwaya ya parokia yaweza kukiimba. Sauti ya kwanza haipandi mno, wala hakuna mahali pa kujionyesha. Twafikiri ndiyo sababu wimbo huo ulivuka milima na bahari na kutufikia sisi, walimu wasio na fidla.

Sisi tulijifunza kusoma noti seminarini. Wengi wa kwaya yetu hawakupata nafasi hiyo. Hushika kwa sikio. Katika sauti ya nne yumo fundi wa baiskeli ambaye hajui noti hata moja. Karibu na mwisho wa wimbo ule, sauti za juu hutangulia, na sauti za wanaume huwafuata nyuma kwa maneno yale yale. Hapo fundi wetu alikuwa akiwahi daima, na kuwavuruga wenzake. Siku moja aliingia barabara kabisa. Tukamwuliza amefanyaje. Akajibu: "Mwalimu, juma zima nilipokuwa nikikaza spoki, nilikuwa nikihesabu pale pa kungoja." Twasema kweli, hatujasoma katika kitabu chochote maelezo yaliyo bora kuliko hayo juu ya muziki huu na maisha ya kila siku.

Wapo wanaosema: tunazo ngoma zetu, kwa nini tuhangaike na vya wageni? Twawaheshimu, lakini hatuoni kwamba mmoja humfukuza mwingine. Huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na wavulana na walimu wa hapo, walitoa Missa Luba mwaka 1958, na ngoma zetu zikasikika hata Ulaya. Joseph Kiwele wa Katanga, aliyefariki mwaka 1961, aliufahamu vema muziki wa Ulaya, naye akatunga Misa yenye mapigo ya kwetu. Ajuaye lugha mbili hakuibiwa ya kwanza.

Tena kule Kinshasa, mwaka 1994, ndugu zetu Wakimbangisti walianzisha okestra chini ya Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, hata wakapokezana. Na uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Watu hao, wengi wao wakiwa na kazi zao za mchana, walifika hata kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Filamu ya mwaka 2010 iliwaonyesha wakijifunza gizani umeme ulipokatika. Hakuna mfalme aliyewaagiza.

Simu za mkononi nazo zimetuletea muziki huu wote, nasi hatuzilaumu. Kijana wa Kolwezi aweza kumsikia Bach bila kununua sahani. Kinachotuhuzunisha ni jambo jingine. Arusini, na hata msibani, mtu hubonyeza kitufe, kipaza sauti kikaimba Ave Maria ya Schubert, na wote tukasikiliza mikono ikiwa imekunjwa. Sauti ile ni nzuri kuliko zetu, lakini haimjui marehemu. Kwaya yetu ilipomwimbia mama mmoja aliyezoea kutuuzia mihogo, sauti ya pili ililia katikati ya wimbo, na ya tatu ikaubeba hadi mwisho.

Kwa sikukuu ijayo ya Ekaristi Takatifu twauandaa tena wimbo wa Mozart. Katika sauti ya tatu wamebaki wawili, na mmoja wao asema atahamia Likasi kutafuta kazi. Mwenye kijana wa sauti hiyo na amtume kwetu Alhamisi, saa kumi na moja za jioni. Karo hatutozi.