Si mapepo, ni milango
Niko na kifafa, na nimeombewa mapepo yatoke mpaka nikazoea. Wasee, hebu niwaeleze. Kila seli ya ubongo wako iko na umeme kidogo, kama milivolti 70, ndani hasi, nje chanya. Kwenye utando wake kuna milango ya protini. Umeme ukibadilika, kipande cha protini chenye chaji chanya kinasukumwa nje, mlango unafunguka, sodiamu inaingia, ujumbe unapita. Seli nyingi zikiwaka pamoja ovyo, mimi huyo chini. Dawa yangu, kabamazepini, inazuia milango isifunguke tena haraka. Basi ukiniona nimeanguka, usikimbie, na usinitie kijiko mdomoni. Nilaze kwa ubavu, ukae nami.